Stelingi wa Mkono wa Kushoto

Ramula hakuwa na imani na mtu anayecheka peke yake mbele ya viatu. Kijana yule alikuwa amesimama pale tangu Ramula alipomaliza kutundika nguo za kuuza, na hadi wakati huo hakuwa amegusa shati wala suruali. Macho yake yalikuwa kwenye raizoni.

Zilikuwa raizoni hasa, si zile za kuigiza ambazo wasichana wa mwaka huo, tisini na nane, walikuwa wameanza kuzivaa upya wakidhani wamevumbua kitu. Hizi zilikuwa za kiume, soli nene kama tofali, ngozi rangi ya damu ya mzee. Zilitoka ndani ya robota la mitumba, na Ramula hakuzitundika kwa kutarajia mnunuzi. Alizitundika kwa sababu zilimfurahisha. Baba yake alikuwa na jozi kama hiyo, na nusu ya soko la Mbale ilijua habari hiyo, maana alikuwa ameisimulia mpaka wenzake wakamchoka.

"Dada," kijana akasema, "hii viatu mimi naijua."

"Viatu haijui mtu. Unanunua?"

"Baba yangu alikuwa na kama hii. Jinja, kule kambini. Jumapili bendi ya jeshi ikipiga, maaskari wote wanavaa raizoni na bugaluu. Vumbi ya uwanja yote inafagiliwa na suruali!"

Ramula akacheka kabla hajajizuia. Aliiona ile Jumapili: baba yake na kitana cha meno marefu kimechomekwa kwenye afro, suruali pana chini, akitembea kwa madaha asije akateguka. Kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Mtu usiyemjua hakufungulii utoto wako bure bure.

"Unaitwa nani?" akamuuliza.

"Huko Masese wananiita Wanzala. Naleta mukene, hawa dagaa wa ziwani, hapa kwa mastoo." Akasita, akizungusha kofia yake mkononi. "Lakini zamani nilikuwa Jafar."

Ramula alijishughulisha na henga moja isiyokuwa na tatizo lolote. Hakutaka kijana yule auone uso wake.

Si kwamba Ramula alizaliwa mshuku. Alifanywa hivyo. Kwao ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani, na baba yake alikuwa koplo katika kambi ya Jinja. Mwaka wa sabini na tisa, Kampala ilipoanguka na vita vikawa vinasogea, wake na watoto wa askari walipakiwa kwenye malori mawili wakaambiwa wanapelekwa kaskazini. Baba alikuwa ameshaondoka na kikosi chake, na hakurudi. Mama yake, Bi Rashidah, alisukumwa ndani ya lori la kwanza pamoja na Ramula, msichana wa miaka kumi na mmoja. Mdogo wake Jafar, wa miaka sita, alinyanyuliwa na jirani akapandishwa la pili, kwani ilisemekana yote mawili yanakwenda mahali pamoja. La kwanza lilifika Mbale. La pili halikufika popote ambapo mtu aliweza kupataja. Na kwa kuwa siku zile Mnubi, aliyehesabiwa mtu wa utawala ulioanguka, akijitokeza kuuliza maswali alikuwa anajitafutia kifo, Bi Rashidah alikaa Namatala, mtaa wa hapo Mbale, na kilio chake, akinyamaza ili mtoto aliyebaki apate kuishi.

Halafu mwaka wa themanini na saba akaja Jafar wa kwanza. Alijua jina la baba, alijua cheo chake, alijua hata nani aliishi nyumba ya tatu. Bi Rashidah alichinja mbuzi, akaita majirani, akamtandikia kijana godoro lake mwenyewe. Baada ya miezi miwili Jafar huyo akatoweka na redio na bangili za fedha, na baadaye ikajulikana kwamba habari zote alizipata kwa mzee mmoja wa kambini aliyekuwa akilipwa pombe kuzungumza. Bangili si kitu. Kilichomuuma Ramula ni kwamba mama yake hakusema neno mwezi mzima, na alipoanza kusema tena, sauti ilikuwa imepungua. Tangu hapo Ramula akawa mlinzi wa mlango. Hata ndoa yake ilivunjika kwa tabia hiyo ya kunusanusa, ingawa shaka yake juu ya mume ilikuwa ya kweli.

"Majafar ni wengi," akamwambia kijana wa mukene. "Kambi ile ilijaa Majafar. Kama hununui, nipishe watu wapite."

Akaenda. Lakini wiki iliyofuata akarudi, na safari hii alimletea mukene waliofungwa kwenye gazeti. Ramula aliwapokea samaki wale kama mtu anayepokea hati ya mahakama. Zawadi ni ya nini? Hata yule wa kwanza alianza na sukari.

"Mama yako aliitwa nani?" akamtupia swali hata kabla ya salamu.

"Nilikuwa namwita Mama."

"Jina lake!"

"Mtoto wa miaka sita anamwita mama yake jina?" Kijana akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Dada, mimi vitu vya nyumbani sikumbuki. Nakumbuka bigijii, zile zilikuwa na picha za wacheza mpira ndani ya karatasi. Nilikuwa na dada. Alikuwa anatafuna bigijii yangu kwanza, sukari ikiisha ndiyo ananirudishia. Nakumbuka ngumi kwenye redio, kambi yote inapiga kelele. Nakumbuka vizibo vya soda, tulikuwa tunabandua ndani tunatafuta picha. Na lile gari la sinema."

Ramula alikuwa ametafuna bigijii ya mdogo wake, naam, tena mara nyingi. Lakini ni dada gani wa miaka ile ambaye hakufanya hivyo? Ndicho kilichomsumbua. Kila alichokisema kijana huyu kilikuwa cha kweli, na kila kilichokuwa cha kweli kilikuwa cha watu wote. Redio ilisikika nchi nzima, bigijii ziliuzwa kila duka. Mtu anakumbukaje kizibo cha soda na kumsahau mama yake? Kumbukumbu za namna hiyo mtu anaweza kuziokota barabarani.

Ubaya ukazidi Ijumaa. Shafik, fundi viatu aliyekaa karibu na msikiti, alimsimamisha Ramula akamuuliza kama yule kijana wa Masese alimpata.

"Kijana gani?"

"Yule wa samaki. Alikuja hapa akiuliza Wanubi wa kambi ya Jinja wako wapi. Nikamwambia yuko mmoja sokoni, mwenye raizoni."

Kumbe! Kumbe kicheko kile mbele ya viatu kilikuwa mchezo. Alikuja anajua anakwenda kwa nani, akajifanya amevutwa na soli. Ramula alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na huzuni, maana kwa siku chache, bila kujiambia, alikuwa ameanza kumtarajia.

Kijana alipofika tena, Ramula hakumpa nafasi ya kukaa.

"Ulimuuliza Shafik habari zangu kabla hujaja hapa."

Kijana hakukana. "Niliuliza. Ningekuja moja kwa moja nikisema natafuta watu wangu, si ungenifukuza?"

"Hata sasa sijaacha kufikiria hivyo."

"Lakini viatu nilicheka kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo sikuigiza."

Ramula akamtazama. Kama angekuwa mtu mwingine angemaliza maneno hapo. Lakini alikuwa na swali moja alilolihifadhi, swali ambalo hakuna mzee wa kambini aliyeweza kumuuzia mtu jibu lake. Akamvutia kigoda.

"Niambie habari ya gari la sinema."

Uso wa kijana ukafunguka. Akaeleza jinsi gari la serikali lilivyoingia kambini likipiga muziki kwa spika ya juu, watoto wakikimbia nyuma yake. Jinsi shuka kubwa jeupe lilivyofungwa kwenye goli la uwanja wa mpira, na upepo wa ziwani ukilipuliza mpaka nyuso za watu wa kwenye picha zinavimba na kunywea. Kwanza zinaonyeshwa picha za kunawa mikono na kupanda pamba, ambazo hakuna aliyezitazama. Kisha inakuja picha yenyewe. Gari lilikuwa na picha chache, kwa hiyo ile ya Kichina, ya stelingi wa upanga, ililetwa tena na tena mpaka watoto wakaijua yote.

"Mwalimu wake anauawa kisimani!" kijana akasema.

"Na yeye yuko sokoni ananunua mchele," Ramula akadakia.

"Anarudi, mchele unamwagika!"

"Hasemi neno. Anaokota mchele punje punje."

"Halafu anafunga kitambaa chekundu mkononi, pale palipokatwa, anatoka..." Kijana alisimama, akainua mguu, akatoa ule ukelele wa stelingi, mrefu, unaopanda mwishoni. Wauza nguo wa jirani wakageuka. Ramula alikuwa akicheka machozi yakimtoka. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amekutana na mtu wa kuzungumza naye habari ile, na utamu wake ulimshika kifuani kama kitu cha kuliwa. Akatamani asiulize.

Lakini akauliza. "Upanga aliushika kwa mkono gani?"

Ramula ni mashoto. Nyumbani kwao mkono wa kushoto haukutakiwa karibu na sahani, na alipigwa mwiko mara nyingi akiwa mdogo kwa kujisahau. Kitu kimoja tu kilimfariji: stelingi naye alikuwa mashoto. Mtu shujaa kuliko wote duniani alishika upanga kwa mkono uleule ambao yeye alipigiwa. Hakuwahi kumwambia mtu, isipokuwa Jafar, aliyelala naye mkeka mmoja mbele ya picha ile. Jafar angejua.

"Wa kulia," kijana akajibu mara moja. "Kitambaa kilikuwa mkono wa kushoto."

"Fikiri vizuri."

"Sina haja ya kufikiri. Namwona. Mkono wa kulia, hivi."

Ramula akasimama. Alishangaa mwenyewe jinsi sauti yake ilivyotulia. "Alikuwa mashoto. Mtu aliyekaa uwanja ule anajua. Wewe uliambiwa na watu, na hilo wakasahau kukuambia. Mama yangu ameshalizwa mara moja na Jafar wa uongo. Chukua kofia yako. Rudi Masese ukauze samaki, na siku nikikuona Namatala, karibu na nyumba yangu, naita polisi."

Alitarajia abishe; matapeli hubisha. Kijana alibaki akitazama mikono yake miwili, akiigeuza. Kisha akasema, "Samahani, dada," akaondoka kati ya nguo zilizotundikwa.

Ramula alijipongeza. Jioni alimtazama mama yake akisuka kawa la kufunikia chakula, ukili mwekundu na wa kijani ukipita vidoleni, na akajiambia kwamba mwanamke huyu hatalizwa mara ya pili na mwana wa mtu. Hakumweleza lolote. Hata hivyo hakupata usingizi mzuri siku zile, na zile raizoni akazishusha, akazifunika kwa mashati.

Mvua zilipopungua, Herbert, mwenye kibanda cha video pale Namatala, alianza kuonyesha picha za zamani mchana. Alikuwa na ubao mlangoni ambapo alichora kwa chaki kila picha ya siku hiyo, na alichora vibaya. Ramula alikuwa akitoka kununua mkaa alipoona mtu aliyechorwa na upanga, na pembeni kisima. Akasimama. Kisha, akiwa na mkaa wake kichwani, akafanya ambacho hakuwahi kufanya: akaingia kibandani, akakaa kwenye benchi kati ya wabeba mizigo waliokimbia jua.

Alikwenda kufurahi. Alikwenda pia, tusifichane, kuhakikisha kwamba hakukosea. Na ilikuwa ileile. Kisima kilikuwepo, na mchele ukamwagika. Stelingi akaufunga mkono wake kwa kitambaa chekundu, akainama, akauchukua upanga.

Kwa mkono wa kulia.

"Herbert!" Ramula akapiga kelele. "Umeigeuza hii picha!"

"Nani?" Herbert akaibuka nyuma ya televisheni.

"Mkanda umeugeuza! Huyu ni mashoto!"

"Dada Ramula, mkanda si shati, haigeuzwi," Herbert akasema, na benchi zote zikacheka. "Huyu mtu ni wa kulia tangu mama yake amzae. Kaa chini, watu wanatazama."

Ramula hakukaa. Alikwenda nyumbani akipepesuka, na mawazo yake yakimshuku kila mtu kwa zamu: Herbert, walioutengeneza mkanda, Wachina wenyewe ambao pengine waliipiga picha ile mara mbili. Alimshuku kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, mpaka alipomkuta mama yake na kawa lake mlangoni.

"Mama. Kule kambini, sinema ilipokuja, tulikuwa tunakaa wapi?"

Bi Rashidah alishangaa. "Leo umekumbuka nini? Tulikaa nyuma."

"Nyuma ya watu?"

"Nyuma ya shuka. Wanaume na askari walikaa mbele, upande wa gari. Sisi wanawake wa Kinubi tukasema hatuwezi kukaa na nguo zetu za gurbaba katikati ya maaskari wa kila kabila, wanatuchungulia. Tukatandika mikeka upande wa pili. Picha si inapenya nguo? Tukaona vizuri kabisa, hakuna wa kutusumbua. Wewe ulilala mapema kila siku, utakumbuka nini."

Ramula akakaa chini. Upande wa pili. Kila kitu alichokiona utotoni mwake kwenye shuka lile alikiona kinyume, maandishi asiyoweza kuyasoma, mikono, njia ambazo farasi walipita. Mashoto wake hakuwahi kuwepo.

"Na Jafar? Jafar alikaa na sisi. Aliniwekea kichwa mguuni."

"Alipokuwa mdogo." Mikono ya Bi Rashidah ikatulia juu ya ukili. "Mtoto wa kiume akishatahiriwa hakai tena kwenye mikeka ya wanawake. Jafar alitahiriwa na miaka mitano. Sinema ya kwanza baada ya hapo, baba yake akambeba begani akampeleka mbele. Alilia, akaninyooshea mikono. Halafu picha ikaanza, akanisahau." Akamkazia macho bintiye. "Kwa nini unaniuliza habari ya Jafar?"

"Nimeona picha tu kwa Herbert," Ramula akasema. Ni kweli, lakini alihisi haya kama mwongo.

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la Jinja. Hakuwa amekanyaga mji ule tangu lile lori. Jumba la sinema la Wahindi, ambalo wao watoto walikuwa wakienda kutazama picha za nje tu, lilikuwa sasa kanisa, na mabango yake yalikuwa ya uponyaji. Kambini hakukaribia. Aliuliza njia ya Masese, akashuka mpaka ufukoni ambako mukene walianikwa kwenye nyavu, na harufu yao iliufikia moyo kabla ya pua.

Kijana alikuwa akijaza magunia. Alipomwona, alisimama wima kama aliyekamatwa.

"Sijaenda Namatala," akasema haraka.

"Najua. Nimekuja mimi."

Ramula alimweleza yote pale pale, magunia yakiwa katikati yao: shuka, mikeka, kutahiriwa. Aliposema samahani, sauti ilimkatika. Alitarajia kijana afurahi, au amtukane. Kijana alikaa juu ya gunia, akatikisa kichwa.

"Dada, uliponifukuza, mimi nilikubali. Nilijisemea, huyu ana hakika, basi mimi ndiye sikuwepo. Pengine hayo yote nilisikia kwa watoto wengine."

"Lakini ulikuwepo! Ulikaa mbele."

"Vijana mia walikaa mbele." Alisema kwa upole, kama anayemwonea huruma. "Mama aliyenilea hapa, Nasimiyu, alikufa mwaka jana. Kabla hajafa ndiyo aliniambia. Alinipata barabarani na watoto wa kambi, wanajeshi wapya wako kila mahali wanatafuta Wanubi. Nikamwambia naitwa Jafar. Akanipiga kofi. Akasema wewe ni Wanzala, mwanangu, huna mama mwingine, huna baba, hujui kambi, ukitaja tutakufa wote. Kila siku ananiuliza, mama yako nani? Nikijibu vibaya, kofi. Mpaka nikasahau kweli." Akatazama ziwa. "Lakini sinema hakunikataza. Bigijii hakunikataza. Hakujua kama hizo nazo zinaweza kumwua mtu. Ndiyo hizo zimebaki."

Ramula alilia waziwazi, wachambuaji wa samaki wakimtazama. Kumbe ndiyo sababu. Kile alichokishuku kuliko vyote kilikuwa ndicho kidonda chenyewe.

"Sikuja kukudanganya," kijana akasema. "Nilikuja wewe uniambie. Mimi sijui kama mimi ni Jafar wenu."

"Twende kwa Mama."

"Na kama si mimi? Ulisema sokoni amelizwa mara moja. Mimi niende nikamlize tena? Hapana."

Ikawa ni Ramula sasa anayesihi, Ramula ambaye hakumwamini hata muuza nyanya, na mwenzake ndiye anayetia shaka. Alimweleza habari ya bigijii. Kijana akamjibu kwamba kila dada alifanya hivyo. Alimtazama masikio, akadai ni ya baba. Kijana akasema masikio ni masikio. Mwishoni Ramula akachoka. "Basi tutamwambia hivyo hivyo," akasema. "Kwamba hatujui. Hatutamdanganya kwa lolote."

Walifika Namatala mchana. Bi Rashidah alikuwa mlangoni. Ramula alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yalipotoka yalitoka machache.

"Mama, huyu anaitwa Wanzala. Zamani aliitwa Jafar. Alitoka kambini kwetu akiwa mdogo, mwanamke mmoja wa Masese akamwokota barabarani akamlea. Sijui kama ni wetu. Yeye mwenyewe hajui."

Bi Rashidah aliweka kazi yake chini. Alimwita kijana akaribie, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, huku na huku. Alimfunua shingo. Aliipapasa mikono yake mpaka vidoleni. Ramula alisimama pembeni akitafuta usoni mwa mama yake ile alama ambayo mama huwa nayo, ile ambayo watu husema mama hakosei.

Haikuja.

"Alikuwa na miaka sita," Bi Rashidah akasema, na machozi yakaanza kumteremka. "Nilidhani nitamjua hata gizani. Nimemtafuta kwa kila kijana anayepita hii njia. Sasa unaniletea uso huu, natazama, natazama, na sioni kitu. Mimi mama gani?"

Kijana akajitoa mikononi mwake taratibu. "Nisamehe, Mama. Ngoja niende, gari zipo."

"Keti!" Sauti ile Ramula hakuwa ameisikia tangu kambini. Kijana akaketi chini, palepale kizingitini. "Nani aliyekuambia uondoke? Huyo mwanamke wa Masese, alipokuokota, alikuuliza kwanza wewe ni wa nani ndiyo akupe chakula?"

"Hapana, Mama."

"Basi. Kama ni wewe, umefika. Na kama si wewe, wangu yuko kwa mwanamke mwingine mahali, na naomba awe alimwambia keti, kama ninavyokuambia." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ramula, usisimame hapo kama askari. Mtu amesafiri."

Ramula akaingia ndani. Alipopita chumba cha pili, walikoweka redio na nguo za biashara, mkono wake ulikwenda kwenye kufuli, kama ulivyokwenda kila mgeni alipoingia nyumba ile. Akalishika. Moyo haukuwa umetulia na alijijua kwamba hautatulia upesi. Huko nje mama yake alikuwa akimuuliza kijana kama mukene wa Masese bado wana mchanga, na kijana alikuwa akijibu. Ramula akaliacha kufuli likining'inia wazi, akaenda kuangalia kama chakula kingetosha watu watatu.